Barua ya wazi kutoka Ujiji: mnatuuliza asili yetu, na karatasi zake mnazo nyie

Kwa Mkurugenzi, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa,
Kwa Mkurugenzi Mkuu, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania,
Nakala kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma na wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa.

YAH: KULETEWA KIGOMA NAKALA ZA KUMBUKUMBU ZINAZOTUHUSU

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Ujiji. Mimi ni mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu tisa, na barua hii imeanzia kwenye dirisha la ofisi moja nisiyoitaja, siku nilipomsindikiza mjukuu wangu kufuatilia kitambulisho. Kijana wa dirishani, mwenye adabu zake, aliniamkia vizuri kisha akaanza kuuliza. Mama yako alizaliwa wapi, bibi? Ujiji. Na bibi yako? Ujiji. Akatua kalamu. "Sawa, lakini asili yenu hasa ni wapi?"

Nikanyamaza. Akachukua penseli, akaandika kitu pembeni mwa fomu. Sijui aliandika nini, na mjukuu wangu kitambulisho alikipata baadaye, lakini ile penseli imenikosesha usingizi.

Sisi wa Kigoma tunajua kwa nini tunaulizwa. Tumepakana na Burundi, tunatazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na tangu 1972 tumepokea wakimbizi. Silalamiki kuulizwa. Ninachosema ni kwamba anayeniuliza ni Serikali, na mwenye jibu ni Serikali. Jibu liko kwenye majalada yaliyopangwa katika Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, na mengine yako kwenye masjala za wilaya yakiliwa na mchwa. Mimi niko katikati, nimenyamaza mbele ya dirisha.

Niwaeleze basi kwa nini nilinyamaza.

Nyumbani kwetu tulizoea kusema "sisi Wamanyema", tukaishia hapo. Kwa mtu wa Ujiji hilo ni jibu kamili. Kila mtu anajua Manyema ni kule magharibi ya ziwa, upande wa Kasongo na Nyangwe, na kwamba misafara ya akina Tippu Tip na Rumaliza, wafanyabiashara wa pembe na watumwa, ilileta watu huku kwa maelfu. Wako waliokuja wapagazi, wako waliokuja askari wa misafara, wafanyabiashara, wake. Wako pia waliokuja na kamba shingoni. Nani ni nani kati ya hao, hilo halikuwa swali la kuulizwa sebuleni. Wazee walijiita waungwana, wakasali, wakajenga, wakaozana, na watoto tukakua tukisikia methali ile ya mkataa kwao mtumwa. Hakuna aliyetuambia kwamba kwetu mambo yalikwenda kinyume: mtumwa ndiye aliyelazimika kukataa kwao ili aonekane mwungwana.

Bibi mzaa mama alipofariki, tulikuta sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kanga mbili za zamani, tasbihi, na kipande cha karatasi kilicholiwa nusu na mchwa. Chapa ya tai, maandishi ya mkono ya Kijerumani cha kale, na jina la mama yake. Mama yangu aliikunja haraka. "Hiyo ya serikali," akasema. Miaka ilipita kabla sijampata mtu wa kunisomea yaliyobaki. Ilikuwa barua ya uhuru, zile hati ambazo maofisa wa Kijerumani walizitoa kwa maelfu kwa watumwa waliokombolewa au kujikomboa.

Hapo ndipo hesabu za wazee zilipokaa sawa. Bibi alikuwa akisema mama yake alivuka ziwa akiwa binti mdogo, "kabla ya boma". Boma la Wajerumani lilianzishwa Ujiji 1896. Kwa hiyo mtu ambaye asili yake inaandikiwa penseli leo alikuwa Ujiji kabla ya ofisi yoyote ya serikali kuwa Ujiji. Bibi mwenyewe alizaliwa akiwa huru, kwa sababu amri ya Wajerumani ya 1904 ilisema mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 si mtumwa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1922, chini ya Mwingereza. Tazameni nyumba moja: mama ana barua ya uhuru, binti haihitaji, na jirani yao pengine bado ni mali ya mtu.

Nilipofika hapo nilitaka nusu ile iliyoliwa. Nikapanda treni.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni safari ya siku mbili ukiwa na bahati, na mtu wa umri wangu anazihesabu. Kule Upanga wahudumu walinipokea vizuri, na hili nalisema kwa haki. Shida ilikuwa mimi kutojua namna ya kuuliza. Nilifika na jina la mama wa bibi, nikadhani nitatajiwa kabati. Nyaraka hazikai hivyo. Zinapangwa kwa ofisi iliyoziandika, si kwa majina ya watu waliomo. Huwezi kusema "nipeni bibi yangu". Inabidi ujiulize kwanza: bibi yangu aligusana na ofisi gani, mwaka gani, kwa shauri gani? Alilipa kodi? Alishtakiwa au alishtaki? Alibatizwa? Aliandikishwa kazi? Shamba lake lilipimwa? Kila mguso uliacha karatasi yake, na kila karatasi ina kabila lake la majalada. Nilifundisha historia zaidi ya miaka thelathini na jambo hili sikulijua. Wanafunzi wangu wote mnisamehe.

Nikajifunza taratibu. Majalada ya Kijerumani yaliorodheshwa kwa msaada wa wataalamu kutoka Ujerumani na orodha yake ikachapwa 1973, kwa hiyo mtu anaweza kuanzia mahali. Ya Mwingereza ni mengi zaidi, na kwa miaka mingi Kigoma ilikuwa sehemu ya Jimbo la Magharibi lenye makao yake Tabora, maana yake mambo ya babu wa Kasulu unaweza kuyakuta kwenye barua ya mkuu wa jimbo aliyekaa Tabora. Kuna vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, walikuwa wakiandika historia ya kila eneo, koo za watemi na wami, mila za ndoa na urithi, mara nyingine hadi mti wa ukoo umechorwa. Walikosea mengi, maana waliandika walichoambiwa na waliokuwa karibu na boma. Lakini waliandika. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna karatasi za Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa mila wa serikali ya kikoloni, na kuna magazeti ya zamani, likiwemo Mambo Leo lililoanza 1923. Gazeti hilo lilijaa barua za wasomaji wa bara. Katika toleo moja nikakuta barua fupi ya mtu wa Ujiji, jina lake ni la kaka wa bibi yangu, akilalamika. Siwezi kuapa kuwa ndiye. Ila kulalamika kwa maandishi kwetu kumekuwepo siku nyingi, kama mnavyoona.

Kisha kuna tundu. Kuanzia 1916 hadi 1921 Kigoma na Ujiji zilikuwa chini ya Wabelgiji. Miaka mitano ya kesi, kodi na vibali iliandikwa kwa Kifaransa, na anayeitafuta anaelekezwa Brussels. Kabla ya hapo kuna Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki waliofika Ujiji 1879 na ambao kila kituo chao kilitakiwa kuandika shajara ya kila siku. Nyaraka zao kuu ziko Roma. Walikuwa wakikomboa watoto wa utumwa na kuwabatiza, na daftari la ubatizo huandika jina, wazazi wakijulikana, na msimamizi. Adrien Atiman, aliyekuwa tabibu na katekista wa Karema, misheni yao kando ya ziwa hilihili, tangu 1889 hadi alipofariki 1956, naye alikuwa mtoto aliyeuzwa, wa kutoka huko Afrika Magharibi. Njia yake inajulikana hatua kwa hatua kwa sababu kuna watu waliokuwa na kalamu karibu naye.

Na hapa nitoke nje ya mada kidogo. Hapa Ujiji tuna makumbusho ya Dk. Livingstone. Mwaka 1871 Stanley alimkuta pale chini ya mwembe, wakasalimiana, na mpaka leo watoto wa shule wanapelekwa kuona mahali pa salamu ile. Sina ugomvi nayo. Chuma na Susi nao tunawajua kwa majina kwa kuwa waliibeba maiti yake hadi Bagamoyo, kupitia Tabora. Basi mgeni aliyepita ana nyumba ya kumbukumbu, na watumishi wake wawili wana majina. Waliokuwa wakiuza samaki na mawese sokoni Ujiji asubuhi ile, ambao wajukuu zao ndio sisi, hawana hata rafu moja ya vitabu mkoani.

Baba yangu alikuwa Mha wa Kasulu, na upande huo stori ni fupi kwa sababu karatasi ni chache zaidi. Babu aliondoka kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga. Ofisi ya kuandikisha vibarua vya mkonge, ile wazee waliyoiita Silabu, ilianzishwa 1944, na Uha ilitoa watu wengi kupita kiasi. Kila mmoja alipewa kipande na namba. Babu alirudi mara moja, akaondoka tena, hakurudi. Mahali fulani kuna orodha yenye namba yake. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijijini, na makaburi ya waliotangulia yakabaki msituni. Leo mtu wa Kasulu akiambiwa aonyeshe kaburi la babu yake, aonyeshe kichaka?

Nirudi kwenye ombi langu, maana najua mna kazi nyingine.

La kwanza ni moto. Katika wilaya moja ya mkoa wetu, siitaji, nilinunua karanga za kukaanga kwa mama mmoja kando ya barabara. Nikafungua kikaratasi: kilikuwa ukurasa wa rejesta ya kodi ya enzi za Mwingereza. Namba, jina la mlipaji, jina la mzee wa kijiji, idadi ya nyumba, shilingi. Majina saba, wino wa buluu. Nikamuuliza amepata wapi karatasi hizi. Akasema ofisi fulani walisafisha stoo, walichoma nyingi, hizi watoto waliziokota. Nilinunua karanga zake zote siku ile. Nilipata kurasa nne. Zilizobaki zilikwisha kwenda na wateja wa asubuhi.

Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya 2002, hairuhusu ofisi ya umma kuteketeza kumbukumbu kwa hiari yake bila idhini ya Mkurugenzi. Wewe Mkurugenzi unaijua kuliko mimi. Lakini mtendaji wa kata aliyepewa stoo yenye popo na agizo la "usafi" haijui, na akiijua hana pa kuzipeleka hizo rejesta. Mwandikieni. Mwambieni kwa lugha nyepesi kwamba daftari kuukuu lenye majina ya watu si takataka, na mpeni namba ya simu ya mtu wa kumpigia kabla hajawasha kiberiti. Hilo halihitaji bajeti. Halmashauri nane za mkoa huu, barua nane.

La pili ni nakala. Sijaomba majalada yenyewe yarudi, maana nimeshaona stoo zetu. Naomba nakala za picha za yale yanayotuhusu ziwekwe kwenye kompyuta mbili tatu katika maktaba ya mkoa, Kigoma mjini, mtu aje akae asome. Anzeni na kitabu cha wilaya cha Kigoma. Kisha yale ya Kasulu na Kibondo, kisha majalada ya boma la Ujiji. Vitabu vya wilaya vimekwisha kupigwa picha kwenye filamu miaka mingi iliyopita na vinasomwa hadi London. Mwanafunzi wa London anafungua ukurasa wenye jina la babu wa Kasulu, na mjukuu wa babu huyo anauza karanga ndani ya ukurasa wa aina hiyohiyo.

La tatu linanigusa zaidi, na mniwie radhi nikirefusha. Karatasi za Ujiji si za serikali peke yake. Nyumba za zamani hapa zina masanduku: hati za nyumba, barua za biashara kutoka Tabora na Unguja, wasia, nasaba za masharifu na za wasio masharifu, orodha za waliochangia khitma. Nyingi ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Vijana wetu hawawezi kuzisoma, na hata wanaojua kusoma Kurani hukwama, kwa sababu maandishi ya mkono ya mfanyabiashara si msahafu. Wanaoweza ni wazee wachache, walimu wa madrasa wa zamani. Nilikuwa na wawili. Mmoja tulimzika mwaka jana, mwezi wa Shaaban, na nilikuwa nimemwachia karatasi mbili anisomee. Zimerudi kwangu kama nilivyozipeleka. Idara inaajiri wahifadhi nyaraka waliosomea kazi yao. Chukueni mmoja, mkaeni na mzee huyu aliyebaki, mkiwa na kinasa sauti na kamera, mwezi mmoja tu. Mlipeni posho. Mnalipa posho kwa semina za mambo madogo kuliko hili.

Mtasema mambo ya utumwa ni aibu, mkiyafukua mtavuruga nyumba za watu. Niliwaza hilo kabla ya kuandika, na dada yangu amenigombeza mpaka juzi. Katika koo zetu za Ujiji tunao kina Mabruki, kina Feruzi, kina Almasi, kina Uledi. Anayejua, akisikia majina hayo kwa babu wa mtu, anaelewa bila kuambiwa, kwa sababu ndiyo majina ambayo mara nyingi watumwa walipewa na waliowanunua. Siri hiyo inajulikana kwa jirani. Asiyeijua ni mwenye nyumba. Anayetaka kuacha sanduku lake limefungwa aachwe, na barua hii isitumike kumlazimisha.

Hofu yangu kubwa ni nyingine, na nitaisema wazi. Nakala hizi zikija, asije mtu wa dirishani akazitumia kusema: kumbe bibi yenu alitoka Manyema, basi ninyi si wa hapa. Ndiyo maana nataka zisomwe na sisi wenyewe, hadharani, maktaba, na si kuchunguliwa na ofisi peke yake. Mtu aliyevushwa ziwa kwa kamba kabla ya 1896 hakuwa mhamiaji aliyekosa kibali. Karatasi inayosema aliletwa ndiyo hiyohiyo inayosema alikuwepo.

Bodi ya Maktaba, neno langu kwenu ni dogo. Maktaba ya mkoa inahudumia zaidi wanafunzi wanaojisomea kwa ajili ya mitihani, na ni vizuri. Tengeni meza moja na mkutubi mmoja aliyefundishwa jambo lile nililolijifunza mimi Upanga kwa gharama ya nauli: kwamba swali si "bibi yangu yuko wapi" bali "ni ofisi gani ilimwandika". Mtu akija na jina na mwaka wa kukisia, asaidiwe kukadiria. Alizaliwa "mwaka wa treni"? Reli ilifika Kigoma 1914. "Meli ilipoibuliwa"? Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikainuliwa 1924. Wazee wetu hawakuwa na vyeti, ila walikuwa na tarehe. Zinahitaji mtu wa kuzitafsiri tu.

Na mwisho, tafadhali, ondoeni lile sharti. Mahali fulani, si Kigoma, niliambiwa nilete barua ya chuo ndipo nionyeshwe orodha. Nikasema sina chuo, nimekuja kama mjukuu. Karani akatabasamu: "Mama, mjukuu siyo sifa." Sheria yenu wenyewe inasema kumbukumbu zilizopita miaka thelathini zinaweza kusomwa na umma. Umma ndio mimi. Nilivaa miwani yangu na kitambulisho changu nilikuwa nacho.

Zile kurasa nne za karanga nimezilaza ndani ya kitabu kikubwa zinyooke, mafuta yametoka kiasi. Majina ishirini na tisa yanasomeka. Kumi na moja nimekwisha kuwapata wajukuu zao, wawili ni majirani zangu hapa Ujiji. Nitazikabidhi siku yoyote mtakayoniambia nizipeleke wapi, ila isiwe Dar es Salaam.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.